Kimya cha Dunguni

Wewe unayenisikiliza, labda umeketi kwenye benchi la kusubiri kama nilivyoketi mimi, na mtoto umempakata. Sogea nikueleze taratibu. Sina haraka. Mengine nitakayokwambia yananiaibisha, lakini nitayasema yote, kwa sababu nilipohitaji mtu wa kuniambia, hakuwapo. Ukichoka njiani pumzika, kisha rudi.

Jina langu ni Zuhura. Naishi Kibiti. Mume wangu Shabani ni fundi baiskeli, na tuna mtoto mmoja, Tatu. Ugonjwa wangu ulinikaa miaka mingi bila mimi kujua kuwa ni ugonjwa. Mimi niliuita hasira. Majirani waliuita mkono mwepesi. Mama mkwe wangu, Bi Pili, mwenyeji wa Salale ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, alikuja kututembelea akaniambia mbele ya wageni, "Mkwe wangu, mkono wako huo ungekuwa mwepesi hivyo kwenye jembe, leo tungekuwa na ghala mbili." Wageni wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kilichokuwa kinanitokea ni hiki: nyumba ikinyamaza, naugua. Wengine husumbuliwa na kelele, mimi kelele zilinituliza. Redio ikiimba, kinu kikitwangwa, majirani wakigombana, niko salama. Lakini vikikoma vyote kwa pamoja, kama inavyotokea baada ya adhuhuri watu wakishakula, moyo huanza kwenda mbio. Viganja hulowa. Shingo hukakamaa hadi taya linauma, na kichwani kuna kitu kinasema: anakuja. Nani anakuja? Sikuweza kumtaja. Nilijua tu kwamba lazima nifanye jambo upesi kabla hajafika.

Siku yenyewe ilikuwa ya kuanika mpunga. Niliutandaza juu ya jamvi uani, nikamwachia Tatu ufito afukuze kuku, nikaingia jikoni kutwanga. Alikuwa na miaka saba. Mwanzoni nilimsikia, "Shii! Shii, tokeni!" Kisha sikumsikia tena. Nikaita, "Tatu!" Kimya. Nilipotoka niliona kuku watatu juu ya jamvi, na mtoto wangu amelala usingizi, shavu juu ya kiganja, ufito kando. Sikumbuki kuamua lolote. Nakumbuka mchi ulikuwa mkononi mwangu. Kishindo cha miguu yangu kilimwamsha, akainua mkono kujikinga kichwa, na mkono ndio uliopokea. Ulitoa mlio kama kijiti kikavu unapokivunja kuwasha moto.

Tatu hakulia. Alinitazama tu.

Shabani alikuja mbio, mafuta ya cheni bado vidoleni, akakodi pikipiki, tukaenda watatu hadi hospitali ya misheni. Benchi lilikuwa limejaa. Mama mmoja mwenye mguu uliovimba alijisogeza akanipa nafasi. "Kaa, mwanangu," akasema. "Benchi likivunjika tutavunjika wote, na wa kutufunga yuko mlango wa pili." Watu wakacheka. Nilitamani wangenitemea mate.

Dirishani karani akauliza, "Mgonjwa ni nani?"

"Mtoto."

"Kaumiaje?"

"Kaanguka."

Karani akamtazama Tatu. Tatu akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimeangukia kinu." Mtoto wa miaka saba, mkono umepinda, alinimalizia uongo wangu.

Tabibu alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Baada ya mkono kunyooshwa na kufungwa hogo la plasta, alimwambia Shabani ampeleke mtoto akanywe uji. Akafunga mlango.

"Mama Tatu, mtoto akianguka huumia hapa, karibu na kiganja. Huyu kaumia hapa, katikati, kama mtu aliyejikinga. Sheria inanitaka nimwite ofisa ustawi wa jamii, na nitamwita. Lakini kabla hajaja nataka nikuulize wewe. Ulipokuwa mdogo, nani alikuwa anakupiga?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilifungua kinywa nimjibu kwamba sijapigwa na mtu, nikajisikia natoa sauti ambayo sijaitoa tangu utotoni. "Hoo! Hooo!" Ni sauti ya kufukuza ndege.

Nikueleze, kama hukuzaliwa bondeni. Mama yangu alifariki akijifungua mdogo wangu, nami nina miaka mitano. Baba akanipeleka Chumbi kwa dada yake, shangazi Hidaya. Huko mpunga ukianza kutoa masuke, watu huhamia shambani. Hujenga dungu, kibanda cha miti chenye miguu mirefu, kisifikiwe na maji wala nguruwe pori. Mtoto hukaa juu huko tangu alfajiri hadi jua lizame, anavuta kamba zilizotundikwa makopo na kupiga kelele ili ndege wasitue. Hiyo ndiyo kuamia. Nataka nieleweke: kuamia si ukatili. Wenzangu waliamia na kaka zao, wakala mihogo ya kuchoma, na leo wanasimulia wakicheka.

Mimi niliamia peke yangu. Shangazi alilima kipande kingine, ng'ambo ya matete, hanioni. Alinisikiliza. "Nikikusikia najua uko macho," alisema. "Nisipokusikia, nakuja." Na alikuja. Nikikauka koo, alikuja. Nikisinzia kwa homa, alikuja. Nilijua hatua zake kwa jinsi maji yalivyochapwa na miguu, na fimbo aliichuma njiani. Ilikuwa misimu mitatu. Msimu wa mwisho nilikwisha kujifunza kupiga kelele nikiwa nimelala.

Tabibu alinisikiliza bila kuandika. Kisha akauliza, "Wewe ni mtu wa bonde. Mto ukipita mahali udongo ungali laini, mwaka huu, mwakani, na mwaka wa tatu, unafanya nini?"

"Unachimba mkondo."

"Na baadaye mvua ikinya kidogo tu?"

"Maji yanafuata mkondo."

"Basi. Ubongo wa mtoto ni udongo laini. Mtu akiona hatari, mwili humwaga kemikali za kumsaidia akimbie au apigane. Hatari ikipita, zinapungua, anatulia. Kwako hatari ilirudi kila siku, ubongo wako ukazoea kumwaga nyingi na kwa haraka, na kuzizuia ukawa mzito. Sasa umekuwa mtu mzima, shangazi hayupo, lakini kimya kidogo tu kinatosha. Siyo kila mtoto aliyepigwa huwa hivi. Wewe umekuwa hivi."

Nikashika neno hilo kama mtu anayezama. "Kwa hiyo siyo mimi niliyempiga?"

"Ni wewe," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mkondo hukuuchimba wewe. Lakini mkono ni wako, na mtoto ni wako."

Sentensi hizo mbili nimeishi nazo hadi leo. Ya kwanza ikinizidi nakuwa mlegevu, ya pili ikinizidi nataka kufa. Zinatakiwa zikae pamoja.

Ofisa ustawi wa jamii alikuja Kibiti na daftari lake, tukakaa barazani kama kwenye msiba. Ikaamuliwa Tatu aende kwa bibi yake Salale hadi tabibu aseme niko sawa. Bi Pili alimfunga mtoto kanga kifuani kuushikilia mkono, akachukua kifurushi cha nguo. "Sitasema kitu," akaniambia, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe hakusema kitu. Nilibaki nimeshika kiatu kimoja cha Tatu kilichosahauliwa.

Matibabu yakaanza mvua za vuli. Kidonge kimoja kila jioni, na kila Alhamisi ya pili mazungumzo na tabibu. Vidonge vilinikausha kinywa hadi ulimi ukanata. Wiki za kwanza nilitembea kama niliyevaa mwili wa mtu mwingine: mikono inatetemeka, kichwa kizito, chakula hakina ladha. Kisha nikanenepa. Benchi lilikwisha kunizoea, na yule mama wa mguu aliponiona akasema, "Eh! Tumboni kuna mtu humo?" Nikamwambia ni dawa. "Basi na mimi waniandikie hiyo," akasema. "Yangu inanenepesha mguu tu."

Shabani alinipeleka kwa baiskeli kila zamu yangu ilipofika, akasubiri nje chini ya ukuta. Nyumbani tulikuwa tunakula bila kutazamana. Siku moja nilimwuliza kama ananichukia. Akafuta mikono kwa kitambaa cha gereji muda mrefu. "Nakuogopa, mama Tatu. Wala siogopi kwa ajili yangu." Lakini kila asubuhi kabla hajaenda kwenye kibanda chake cha kazi aliniwashia redio, na betri hazikuwahi kuisha. Hakusema kwamba anafanya hivyo kwa ajili yangu. Nami sikumshukuru hadi baadaye sana.

Tabibu aliposikia habari za redio alitabasamu. "Mwambie baba Tatu Mungu ampe heri. Sasa tutaizima." Ndiyo ilikuwa sehemu ngumu ya dawa. Kila siku nizime redio, nikae kwenye kimya kwa muda wa chai kuchemka, miguu imekanyaga sakafu, nitoe pumzi polepole kuliko ninavyoivuta. Moyo ukienda mbio niuache uende, nisiutii. Siku za mwanzo nililowa jasho kama niliyetoka mtoni. Chai ilichemka, hakuna aliyekuja. Kesho yake ikachemka tena, hakuna aliyekuja. Ni kazi ya kuchosha na haina la kumsimulia mtu.

Nilianza kuona nafuu mpunga wa bondeni ulipokuwa wa kupandikiza. Ndipo nikafanya kosa ambalo nakuomba usilirudie. Mwezi wa Ramadhani ukaingia, kinywa kilikuwa kikavu hata bila saumu, nikaona aibu kufunga huku nimebeba kiu ya dawa. Nikajiambia, mwezi huu nitamtegemea Mungu peke yake. Sikumwuliza tabibu, wala sikumwuliza shehe. Nikaviweka vidonge ndani ya kopo la chumvi nikafunga kifuniko. Na kweli, siku kumi za kwanza nilijiona mzima.

Idi tulikwenda Salale. Tuliteremka Nyamisati tukasubiri maji yajae, kisha boti ikaingia kwenye mikoko. Njia nzima nimepakata gauni jipya la Tatu, rangi ya njano. Alinipokea vizuri. Akanishika mkono, akanionyesha bata wa bibi yake. Mkono wake ulikuwa umeunga, umepinda kidogo chini ya kiwiko.

Adhuhuri, Shabani amekwenda msikitini, Bi Pili yuko jikoni, nami nimeketi ukumbini peke yangu, kijiji kizima kikanyamaza. Nikasikia maji yanachapwa mahali fulani. Kumbe ni bata. Kinywa changu kikafunguka. "Tatu! Tatu! Uko wapi wewe!" Ilikuwa sauti ya shangazi, hadi mkato wake wa mwisho.

Tatu alikuwa nyuma ya nyumba anamenya kamba kwenye sinia. Alipita mbele yangu kama panya akaingia chini ya kitanda. Nikamfuata. Sikuwa na kitu mkononi, naapa, lakini nilimfuata. Bi Pili akatokea mlangoni na mwiko.

"Hapa hupiti."

Nikasimama. Chini ya kitanda maji yalikuwa yanatiririka kwenye sakafu ya udongo. Mtoto wangu alikuwa amejikojolea, na gauni la njano amelivaa.

Bi Pili alimwosha, akamlaza. Kisha akaja akanikalisha, akaniwekea kikombe cha chai. "Dawa umeacha lini?"

"Mwezi ulipoandama."

"Nani kakutuma?"

"Kinywa kilikuwa kikavu, mama. Nikaona..."

"Kidonge unameza jioni. Kitafunguzaje saumu ya mchana?" Akavuta pumzi. "Ungeuliza, mwanangu. Kuuliza hakufunguzi." Kwa mara ya kwanza aliniita mwanangu, na siku hiyo hiyo aliniambia Tatu haondoki Salale.

Nikarudi benchini. Tabibu hakunigombeza. Alinipa tena kidonge cha jioni, akanionya nisikate tena dawa bila kumwambia, hata nikijiona mzima, akaanza nami upya kwenye chai ya kuchemka.

Wakati wa mavuno alinishauri, kama nina nguvu, nikamwone shangazi. Nikaenda Chumbi. Nilimkuta barazani, macho yameingia ukungu, anapeta mchele kwa mazoea. Nilimpa shikamoo akanitambua kwa sauti. Nikamwuliza bila kuzunguka, "Shangazi, kwa nini ulikuwa unanipiga nikinyamaza?"

Ungo ukasimama. "Alikuwapo mdogo wangu," akasema. "Tuliwekwa dunguni, mimi nikashuka kutafuta kuni. Nikasikia amenyamaza, nikasema kalala. Alikuwa ameanguka majini." Akaendelea kupeta. "Tangu hapo mtoto akinyamaza naona maji. Nilidhani nakulinda."

"Ulikuwa unaniua."

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Sikumsamehe siku ile. Nilimwachia sukari niliyombebea, nikaondoka. Lakini njiani niliuona mkondo ulivyo mrefu: ulianza kabla yake, ukapita kwake, ukapita kwangu, na ulikwisha kugusa mkono wa Tatu.

Tatu alirudi nyumbani msimu uliofuata, kwa kibali cha tabibu na cha ofisa, na kwa sharti la Bi Pili kuishi nasi mwezi wa kwanza. Alikuja akiimba. Aliimba akifagia, akiosha vyombo, hata chooni aliimba, vijiwimbo visivyo na mwanzo wala mwisho. Nikamwambia Shabani, "Umemsikia? Mtoto kapona, ana furaha."

Shabani alikuwa anaziba pancha. Hakuinua kichwa. "Anaimba ili usije."

Nilikwenda kukaa nyuma ya choo nikalia. Alikuwa sahihi. Mtoto wangu alikuwa anaamia. Nilikuwa nimemjengea dungu ndani ya nyumba ya bati, katikati ya mji, na yeye akajifunza peke yake kile nilichofundishwa kwa fimbo: wakikusikia, uko salama.

Kwa tabibu tulianza kwenda wawili. Yeye alipewa karatasi na kalamu za rangi. Mimi nilipewa kazi moja: nimwambie kila siku, kwa maneno, "Tatu, unaweza kunyamaza. Ukinyamaza nitakuja kukutazama tu." Alinijibu ndiyo, akaendelea kuimba. Miezi ikapita hivyo. Bi Pili akarudi Salale, mvua zikanyesha zikakatika, bado anaimba.

Siku moja mwaka huu, baada ya adhuhuri, wimbo ulikatika. Nilikuwa jikoni nachambua mchicha. Moyo ukaruka palepale, viganja vikalowa, kichwani likaja neno lile: anakuja. Nikaweka kisu chini. Nikakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, nikatoa pumzi, polepole. Sikumwita. Nilitembea hadi mlangoni nikachungulia.

Tatu alikuwa amelala jamvini, mdomo wazi, mate yanamtoka. Nikaketi mbali kidogo. Alipofumbua macho akaniona, mkono wake uliopinda ulipanda kukinga kichwa kabla hajaamka vizuri. Nikabaki nimeketi, mikono juu ya magoti aione. Mkono wake ukakaa hewani muda mrefu. Kisha ukashuka nusu, akageukia ukutani, akalala tena. Kimya.

Hapo ndipo tulipofika. Bado nameza kidonge changu. Mkono wake haujanyooka kabisa, na tabibu anasema huenda usinyooke. Siku nyingi bado anaimba.

Sasa wewe. Kama mkono wako huinuka kabla hujaamua, kama unamwona mtoto anakukwepa mlangoni, usingoje mfupa uvunjike ndipo uende hospitali. Kwa leo, mtoto akikutia hasira, weka chini ulichoshika, toka uani, pumua hadi moyo utulie, kisha ndipo urudi. Na kesho asubuhi nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, ujipange kwenye foleni kama watu wengine. Ukifika dirishani wakikuuliza mgonjwa ni nani, jibu: "Ni mimi."